Ng'ombe Wawili Waliobaki Nyuma ya Migomba

Kuna watu wanajua kushika kamera halafu kuna binamu yangu. Jina lake nalihifadhi kwa sababu siku hizi ni mzee wa kanisa na ana wajukuu, sisi tulimwita Dairekta tu.

Hii ilikuwa 2001, mwaka ule Kisumu ilipewa hadhi ya jiji na sisi wa Kondele tukaanza kujiita watu wa mjini kabisa ingawa maji tulikuwa bado tunanunua kwa mkokoteni. Kaka yangu alikuwa ameamua kupeleka mahari, upande wa Vihiga, si mbali na Chavakali. Baba mdogo alikuwa Uingereza na hangeweza kuja, kwa hivyo badala ya yeye kuja akatuma kamera. Handycam ya Sony, zile zinatumia kaseti ndogo za Video8, pamoja na betri kubwa nzito ambayo ingeweza kukaa siku nzima, na kaseti moja tu ya dakika 90. Ujumbe ulikuwa mmoja: rekodini kila kitu, mnitumie.

Swali likawa nani atashika. Mimi nilikuwa najua kidogo juu ya hizo vitu maana nilikuwa na deki ya VHS kwa nyumba, lakini kwa mkutano wa familia Dairekta alisimama akasema yeye alishawahi kufanya kazi na mpiga picha Kakamega. Baadaye ndio tulijua kazi yenyewe ilikuwa kushikilia mwavuli. Lakini alikuwa ameshanunua ile fulana ya mifuko mingi, na mtu akishanunua fulana unamwambia nini?

Sasa elewa hii kitu ya kamera vizuri kwa sababu shida yote iko hapo. Kitufe cha kurekodi ni kimoja, kile chekundu cha kidole gumba. Ukibonyeza mara ya kwanza inaanza, ukibonyeza tena inasimama. Hakuna kitufe cha kuanza na kingine cha kusimama. Kitu cha kukuonyesha uko wapi ni viandishi vidogo ndani ya kile kijishimo cha kuangalilia, REC (inarekodi) ama STBY (inangoja tu), na taa ndogo nyekundu mbele. Taa Dairekta aliifunika na plasta, ati inaogopesha wazee. Na Dairekta anavaa miwani, lakini miwani haiingii kwa kile kijishimo, kwa hivyo akawa anaitoa. Bila miwani huyo mtu hawezi kutofautisha mbuzi na mbwa, sasa STBY ataisoma na nini?

Asubuhi nyumbani akabonyeza kujaribu. Akarekodi kukhu, yaani nyanya yetu, akitoka jikoni, akarekodi kuku, akarekodi gari likioshwa, vizuri kabisa. Halafu mtu akapiga honi, ingieni twende, naye akarusha kamera kwa begi bila kubonyeza tena. Kuanzia hapo kila kitu kikageuka. Akitaka kurekodi anabonyeza, inasimama. Akimaliza anabonyeza "kuzima", inaanza. Na kwa sababu alikuwa amesikia kaseti ni moja alikuwa anabania, anachukua mtu dakika moja, mbili, anakata, anamwendea mwingine. Siku nzima alikuwa kazini huyo kijana. Jasho ilimtoka. Akawa anaambia wazee "samahani baba, rudia hapo tena uangalie huku," na wazee wanarudia, wanaangalia huko.

Sherehe yenyewe ilienda poa. Wakwe walitupokea, chai ikaja, kuku wakaja, msemaji wetu akasimama. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kusema sentensi moja na inakaa kama amesoma risala ya gavana. Wakwe walitaka ng'ombe wanane. Sisi tukashtuka vile watu hushtuka kwa mahari, yaani kila mtu alijua atashtuka na akashtuka kwa wakati wake. Tukaomba ruhusa kutoka nje tushauriane, tukaenda nyuma ya migomba, tukarudi. Halafu wao wakatuomba tutembee kidogo tuone shamba, wabaki wakiongea kidogo, na Dairekta akaacha kamera juu ya stuli pale sebuleni kwa sababu ilikuwa inamuumiza shingo. Tukaona shamba. Tukarudi. Tukakubaliana ng'ombe wanne, maombi yakafanywa, tukaenda nyumbani na furaha.

Kazi yangu ikaanza jioni hiyo. Kila mtu alitaka nakala. Baba mdogo, wazazi wetu, na wakwe pia, maana walikuwa wameambiwa na Dairekta mwenyewe ati "mtajiona kama watu wa runinga". Kukopi wakati huo haikuwa mambo ya kutuma kwa simu na dakika mbili imefika. Unatoa waya kwa kamera, ile ya njano ni picha na nyeupe ni sauti, unachomeka nyuma ya deki, unaweka deki kwa AV, sio kwa chaneli, la sivyo utarekodi taarifa ya habari, unabonyeza play huku na rec huku, halafu unangoja. Dakika 90 ni dakika 90. Nakala tatu na deki moja, piga hesabu mwenyewe. Bahati nzuri kamera ilitoka Uingereza, mfumo wao wa picha ni PAL kama wetu, ingetoka Marekani mfumo ni NTSC na hapo kwa televisheni yangu tungeona picha inaruka ruka bila rangi.

Nikaangalia mwanzo. Kukhu huyo, kuku hao, gari hilo, rangi safi. Nikapunguza sauti ili mtoto alale nikaenda zangu Kibuye sokoni. Na hapana, sitaulizwa kwa nini sikukaa kuangalia, wewe umeshawahi kuangalia watu wengine wakinywa chai saa moja na nusu? Nikirudi narudisha ile ya kamera mwanzo, naweka kaseti nyingine kwa deki, natoka tena. Nilipomaliza nikavunja kile kijino cha mbele ya kila kaseti mtu asije akarekodi mpira juu yake, nikaandika kwa karatasi MAHARI na maua mawili, nikapatia makanga wa matatu ile kaseti ya wakwe apeleke Chavakali.

Wiki haikuisha. Nikasikia hodi. Ni shemeji, kaka ya bibi harusi, amevaa suti, na ile kaseti iko kwapani. Nikamkaribisha, akapewa chai, akauliza watoto, akauliza kazi, akasifu kiti. Akanywa chai nusu. Halafu akasema pole pole, bila hasira kabisa, "Baba anawasalimia sana. Anauliza wale ng'ombe wawili waliobaki nyuma ya migomba watakuja lini."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanipa kaseti nikaiweka kwa deki. Kukhu, kuku, gari. Halafu giza, giza la ndani ya begi, na sauti ya injini na mtu anaimba vibaya mpaka Chavakali. Halafu nyasi. Halafu viatu vya Dairekta. Halafu paja la mtu. Msemaji akisimama tu kusema, pap, imekatika, inarudi tukiwa tunatembea tena, nyasi, viatu. Hakuna hotuba hata moja. Hakuna maombi. Bibi harusi hayuko, bwana harusi yuko kidogo kuanzia magoti kushuka chini. Halafu shina la mgomba, limesimama hapo limetulia, picha nzuri sana kusema ukweli, na sauti ya mwalimu mstaafu safi kabisa bila mkwaruzo: "Sikilizeni, tuko na sita. Wasijue. Tunaanza na tatu, tukisukumwa tulie kidogo, tukilia sana tufike nne. Na mtu asimalize kuku, tusionekane tulikuja na njaa."

Na sauti yangu mimi ikasema, "Hata hivyo hiyo kuku ni ngumu."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Mama alisikia hiyo ya kuku," akasema. "Baba akazima hapo hapo, akaniambia vaa suti."

Sasa mimi nikawa sina la kusema nikabaki naangalia televisheni tu, na kaseti ikawa inaendelea kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameizima. Mgomba ukaenda. Nyasi. Mlango. Halafu picha ikatulia, dari na kona ya kabati, na kitambaa cha kufumwa juu ya redio. Shemeji akasema hiyo ni kabati yetu. Nikasema eeh. Halafu sauti ya mama, huyo huyo mama wa kuku, akiwa na haraka ya kunong'ona kwa nguvu: "Baba nanii, usiwasukume hawa watu wakaenda. Hata wakibaki kwa tatu, chukua. Wanane utawalisha nini na nyasi iko wapi? Huyo dume wa jirani tu ametumaliza." Na mzee mwenyewe: "Nimesikia. Lakini wacha nikae nimekunja uso mpaka wafike nne."

Kimya. Shemeji alikuwa ameshikilia kikombe na hanywi.

Nikasubiri kidogo, kwa heshima. Nikamwongezea chai. Halafu nikamwambia, "Shemeji, pia wewe tusalimie baba sana. Mwambie kuna ng'ombe mmoja wetu ako kwenu kwa bahati mbaya, tutakuja kumchukua lini?"

Hapo ndio alicheka. Alicheka mpaka chai ikamwagikia suti na mke wangu akaja na kitambaa akiuliza ni nani amekufa.

Wazee walikutana tena, kikao cha pili, bila kamera, Dairekta aliambiwa abaki nyumbani na alibaki. Sikuwa ndani lakini niliambiwa pande zote mbili zilianza zikiwa zimekunja uso na kila mtu alijua kila uso umekunjwa kwa kiasi gani, kwa hivyo haikuchukua muda. Ng'ombe wakabaki wanne. Sisi tukaongeza blanketi la mama na jogoo mmoja laini, hiyo laini ilisemwa mara mbili, na wao wakakubali kaseti yao irudi kwetu ili mambo yaishe.

Shida ni kwamba mpaka wakati huo kaseti ilikuwa imezaa. Wazazi wangu walikuwa wamempatia jirani, jirani akakopi, aliyekopi akampatia mwingine akakopi kutoka kwa hiyo kopi. VHS ukikopi kopi picha inazidi kufifia na rangi inavuja, kwa hivyo kufikia ya nne ama ya tano hujui kama ule ni mgomba ama ni askofu, lakini sauti bado unasikia. Na mtu mmoja mwenye kibanda cha video hapo sokoni akaona biashara. Akawa anaonyesha sinema za karate mchana, na jioni, shilingi tano, MAHARI.

Baba mdogo alipiga simu kutoka Uingereza akasema ameangalia na marafiki zake na hajawahi kuona filamu nzuri hivyo, akauliza tu kama kaka yangu alioa kweli au ni mchezo.

Mwalimu mstaafu ndiye tulimwogopea. Mtu wa heshima kama yule, watoto wakimwona barabarani wanapiga kelele "Anza na tatu, mzee!" Tukafikiri atahama. Lakini mwenye kibanda aliniambia mzee alienda mwenyewe jioni moja, na kofia yake, akalipa, akakaa benchi ya mbele kabisa, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua mkono vile mwanafunzi huinua, akaomba ile sehemu ya migomba irudishwe aisikie tena. Akaambiwa kurudisha ni shilingi tano ingine.

Akaanza na mbili.