"Kazi Yoyote" Haipatikani

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ishirini za barua ileile ya maombi, zimechapwa steshenari, nafasi ya jina la mwajiri imeachwa wazi ili ajaze kwa kalamu. Nikamwuliza, "Mwanangu, unatafuta kazi gani?" Akajibu kwa upole, "Yoyote tu, mjomba. Hata ya kufagia nitashukuru."

Ana stashahada ya uhasibu.

Jibu hilo nimelisikia kwa vijana wengi, na linaniuma kwa sababu najua linakotoka: kodi ya chumba, aibu ya kumtegemea dada, mwaka wa pili bila kipato. Wanadhani wakijishusha watapewa. Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa meza nikisoma maombi, na nasema kwa uhakika kwamba anayeomba kazi yoyote hakumbukwi na yeyote. Mwambie jirani anayefanya kazi Kariakoo "nisaidie kazi yoyote", ataitikia "nitakuangalizia", basi. Mwambie "naweza kuandaa ritani za VAT kabla ya tarehe 20 na kulinganisha risiti za mashine ya EFD na mauzo", siku bosi wake akisumbuliwa na hesabu za mamlaka ya mapato, TRA, jina lako litamjia.

Wapo watakaosema bila konekisheni hakuna kitu. Upendeleo upo, sikatai. Lakini kuwaeleza watu unachokijua si upendeleo, na wengi wetu hatujawahi kuwaeleza hata ndugu zetu wenyewe.

Tukaanza upya. Tuliandika majina kumi na mawili tu ya maduka ya jumla na kampuni ndogo zinazohitaji mtu wa hesabu, na kwa kila moja tukajiuliza: wanauza nini, nani huamua kuajiri, nani tunayemfahamu pale? Katika mazungumzo akanitajia kwamba alipokuwa fildi, yeye ndiye aliyelinganisha daftari la fedha na taarifa za benki zilizokuwa zimelala miezi mitatu. Kwenye wasifu wake jambo hilo halikuwamo kabisa! Palikuwa na "mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma", maneno aliyonayo kila mwombaji. Tukayafuta, zile hesabu za benki zikapanda juu. Wadhamini wake nao alikuwa hajawapigia simu tangu ahitimu; mmoja alishabadilisha namba.

Serikalini kinachowaangusha wengi ni nyaraka. Tangazo likitoka kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ya kuombea kazi za serikali, siku zake ni chache, na hapo ndipo mtu anakimbilia RITA, ofisi ya vizazi na vifo, kutafuta cheti cha kuzaliwa. Fungua akaunti sasa, kabla ya tangazo. Kama jina la kitambulisho cha taifa cha NIDA linatofautiana hata herufi moja na la cheti cha kidato cha nne, anza kulishughulikia leo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba slipu za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na watu bado wanazipakia. Ukiitwa kwenye mchujo, rudi kwenye majukumu ya kazi yaliyoorodheshwa katika tangazo, uyasome moja baada ya jingine kama mtihani.

Na yeyote anayekutaka utume pesa ya fomu, ya sare au ya "kufungua faili" ni mwizi. Kujisajili TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ni bure. Inanikera sana kuona kijana asiye na nauli akikopa ili amtumie tapeli.

Mpwa wangu hajapata kazi bado. Jumanne alifika kwenye duka la tatu katika orodha yetu, la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka aliisoma barua hadi mwisho, akamwuliza zile hesabu za benki alizipangaje, akamwambia arudi tarehe 28. Ameiandika kwenye daftari, pamoja na jina la mwenye duka na swali aliloulizwa.