Ngozi ikianza kubabuka: akimbizwe hospitali kubwa au atibiwe palepale?

Huu ubishi unarudi kila akitokea mtu ambaye dawa imemgeuka. Kameza Septrin, au kabamazepini ya kifafa, wiki ya pili macho mekundu, mdomo vidonda vitupu, halafu ngozi inababuka kama kamwagiwa uji wa moto. Ikiwa haijafika asilimia 10 ya mwili wanaiita Stevens-Johnson, ikipita 30 ndo TEN (toxic epidermal necrolysis, ugonjwa uleule uliozidi), na hiyo TEN inaondoka na watu kama 3 katika 10 hata huko Ulaya kwenye vifaa vyote.

Wanaotaka rufaa ya haraka wana hoja nzito. Mgonjwa huyu anapoteza maji na joto sawa na aliyeungua moto, anataka chumba chenye joto, mpira wa kulishia maana mdomo haufunguki, na nesi anayejua kwamba plasta ya kushikilia dripu ukiibandua inaondoka na ngozi. India kuna wodi wanawalaza juu ya majani ya mgomba, hayagandi kwenye kidonda kama shuka. Na macho jamani, yasiposafishwa kila siku kope zinashikana na jicho, mtu anapona lakini haoni vizuri tena.

Wanaotaka atibiwe palepale wanajibu, mbona hukohuko kwenye hospitali kubwa ndo wanakofia? Hapo mi nasema hesabu inadanganya, kule wanafika walioharibika zaidi. Ndo maana mwaka 2000 ikatoka SCORTEN, alama za kukadiria hatari ya mgonjwa kufa, vipimo 7: umri zaidi ya 40, saratani, mapigo ya moyo, ukubwa wa ngozi iliyotoka, na yurea, sukari na baikaboneti kwenye damu, bila hivyo huwezi kulinganisha wodi mbili. Ila wakisema safari yenyewe inamuumiza wako sawa, kilomita 200 za rafu roadi na ngozi imeganda kwenye shuka, hapana.

Mi lakini naona wote wanabishania kitanda wakati kitu kikubwa ni siku dawa iliposimama. Kuna utafiti wa mwaka huohuo 2000 ulioonyesha kila siku moja ya kuwahi kuisimamisha inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 30, japo kwa dawa zinazotoka mwilini haraka tu. Hiyo haihitaji ICU, inahitaji mtu wa zahanati aulize mwezi huu umeanza dawa gani, kabla ya kusema ni tetekuwanga na mgonjwa akaendelea kumeza, au nyumbani wakasema karogwa. Nairobi walishaliona hili kwenye TB, wenye VVU waliopewa thiasetazoni walibabuka vibaya na wengine wakafa, na jibu halikuwa kuongeza vitanda, walibadilishiwa dawa.

Kwa hiyo rufaa sawa, mtulize kwanza kwa dripu ndo aondoke, lakini barua iandikwe jina la dawa, sio "mzio wa dawa" basi. Na akiruhusiwa apewe karatasi yenye jina hilohilo, maana miezi sita mbele ataharisha, ataenda duka la dawa la mtaani, na pale Septrin wanakuuzia bila kukuuliza kitu.