Bahari Imevutwa, Nami Niko Juu ya Simtanki

Mimi ni mtu wa Iringa. Naanza na hilo ili mnihurumie mapema. Maji makubwa niliyoyazoea ni ya bwawa la Mtera, na Mtera lina adabu zake: ukiliaga jioni, asubuhi unalikuta palepale.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo amejenga Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, nyumba ya kupumzikia. Mwenyewe anaiita kibanda. Kibanda kina vyumba vitatu, paa la makuti na baraza linalotazama bahari. Miaka miwili ananisumbua: "Njoo na shemeji na watoto, mkae hata wiki." Shule zilipofungwa nikaishiwa visingizio. Tukapanda boti ya mchana kutoka Dar, safari ya kama saa mbili, na mke wangu alizitumia zote mbili ameinamia mfuko aliopewa na mhudumu. Tukapokelewa bandarini kwa gari, tukapita msitu wa Jozani, watoto wakitaka tushuke wakawasalimie kima punju. Saa kumi na nusu jioni tukafika.

Bahari ilikuwepo. Hilo nataka liandikwe. Ilikuwa imejaa mpaka karibu na ukuta wa ua. Nilichovya miguu, nikapiga picha kama thelathini, nikazirusha kwenye kundi la ukoo, shangazi yangu wa Kilolo akajibu, "Usiingie." Usiku tukala pweza wa nazi hadi nikalegeza mkanda.

Asubuhi niliamka saa nne. Kaptula sikuiona. Nikajifunga kanga ya shemeji, mke wa mwenyeji wangu, iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, nikatoka barazani kuiamkia bahari.

Haikuwepo.

Sisemi ilikuwa imesogea kidogo. Palipokuwa na maji jana palikuwa na mchanga mtupu, vidimbwi, na ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe wa kiangazi. Mbali huko, kilomita nzima au zaidi, ulionekana uzi mweupe wa povu.

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Kila aliyefuatilia habari za sunami ya tarehe 26 Desemba 2004 anajua jambo moja: bahari ikirudi nyuma ghafla, usisimame kushangaa, kimbilia juu. Kule Thailand msichana wa Kiingereza wa miaka 10 aliwaokoa watu ufukweni kwa sababu alikumbuka somo la jiografia la wiki mbili nyuma. Nami jiografia nilipata B. Nikajiona ndiye yule msichana, tofauti ni kitambi na miaka 33 ya ziada.

"Sunamiii! Amkeni! Juu! Juu!"

Shida ya Jambiani ni kwamba juu hakuna. Kijiji chote ni tambarare kama chapati. Kitu kirefu kilichokuwa karibu ni mnara wa zege wenye simtanki, nyuma ya nyumba. Nikamnyakua mdogo wetu aliyekuwa anakunywa uji, nikampandisha mgongoni na kikombe chake mkononi, nikaparamia ngazi ya chuma. Uji wote ulimwagikia shingo yangu. Nikiwa juu ndipo nilipowaona: akina mama kama ishirini, wamejitanda vizuri, kamba na magunia kichwani, wanatembea polepole kuelekea kulekule bahari ilikokimbilia! Nikalia kwa sauti ya mhubiri:

"Akina mama! Rudini! Bahari imevutwa!"

Wakasimama. Bi mkubwa mmoja, mfupi, mkavu, akajikinga jua kwa kiganja, akanitazama.

"Imevutwa na nani, baba?"

Sikuwa na jibu. Wenzake wakaanza kucheka, kwanza kwa heshima, mikono midomoni, baadaye bila heshima yoyote. Nilidhani wanacheka woga wangu. Kumbe nilikuwa nimewapa mgongo ili nimtue mtoto, na maandishi ya kanga yalikuwa yametanda sawasawa pale pa kukalia: MGENI NI KUKU MWEUPE.

Mwenyeji wangu akatoka na mswaki mdomoni. Akatazama bahari, akanitazama mimi, akatema povu.

"Bwana, shuka. Maji yamekupwa tu."

Somo nilipewa palepale chini ya simtanki, mbele ya wanangu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo huwa ni bamvua: yakijaa yanajaa kwelikweli, yakipwa yanakwenda zake, na baina ya kujaa na kupwa maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayana makeke. Tulikuwa tumefika na mwezi mpevu. Kwa hiyo yule bi mkubwa alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lilikuwepo: imevutwa na mwezi. Tena wao ndio siku zao hizo, kwa kuwa mwani wameupanda kwenye kamba na vigingi hukohuko, kilimo walichokianza pale na jirani zao wa Paje mwaka 1989. Mimi nilikuwa nawafukuza shambani.

Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilinijua. Nikienda dukani kununua sukari, mwenye duka ananiuliza, "Bwana Sunami, leo salama?" Mke wangu alisema hanijui, akaanza kukaa na shemeji jikoni.

Sasa mtu akishachekwa hivyo hutafuta pa kurudishia heshima. Jumatano niliamua kutembea mpaka kule kwenye povu, peke yangu, kama mwenyeji. Maji yalikuwa yamepwa kabisa saa sita na nusu mchana. Nikapiga hesabu: yanachukua kama saa sita kujaa, basi hadi magharibi mimi ni mtu huru. Njiani nikampita bi mkubwa wangu akifunga mwani. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba, ukituona tunarudi, na wewe rudi." Nikaitikia ndiyo. Mtu mwenye B ya jiografia huitikia tu.

Kule mbele pazuri jamani. Viti vya pweza vyekundu, wale viumbe wa umbo la nyota, samaki wadogo wa rangi ambazo Iringa hatuna hata kwenye vitambaa. Nilisimama kwenye fungu la mchanga nikipiga picha. Wale akina mama nikawaona wanarudi. Nikasema moyoni, wamechoka.

Ambalo hesabu yangu haikujua ni kwamba maji hayaji usoni kwa mtu. Yanazunguka. Fungu nililosimama lilikuwa kavu kabisa, nami nikalitazama povu kwa kiburi, wakati nyuma yangu, upande wa nyumbani, mkondo niliouvuka kwa maji ya vifundoni ulikuwa umeshageuka mto. Nilipogeuka ilikuwa saa tisa. Nikavua shati, nikapunga.

"Maji yanakuja! Majiii!"

Ufukweni watoto wa kijiji wakaacha mpira, wakanijibu kwa pamoja:

"Huja kila siku!"

Wakarudi kwenye mpira. Nikamwona mke wangu barazani. Naye akapunga, akainua simu. Video ile iko kwenye kundi la ukoo hadi leo.

Nikaingia mkondoni, simu juu ya kichwa. Magotini, kiunoni, kifuani, halafu mguu wa kulia ukatua juu ya mmoja wa wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Nilichosema hakiandikiki. Aliyeniokoa ni mzee wa ngalawa aliyekuwa anarudi na ndoano zake. Alinisogelea bila haraka.

"Wewe ndiye Sunami?"

"Ndiye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Panda. Leo yamekuja kweli."

Miiba ile hutibiwa kwa utomvu wa papai bichi. Mwenyeji wangu alikuwa na mpapai mmoja, na mpapai una papai moja, ambalo alikuwa analihesabia siku. Alilikata kimya kimya. Afadhali angenitukana.

Siku zilizobaki nilikaa barazani, mguu juu ya stuli, nikitangaza maji: yanapwa, yanajaa, yamesimama. Sikukosea hata mara moja. Jumamosi asubuhi tukapakia mizigo. Bi mkubwa alikuwa anapita na gunia lake, akasogea dirishani kwa gari.

"Safari njema, baba. Usiwe na wasiwasi, bahari tutakuangalizia."