Pande Mbili "Zitajitahidi" Mpaka Lini?

Tumesomewa tena tamko la pamoja la ziara ya rais, letu na Burundi. Aya ya kwanza undugu wa kihistoria, ya pili ujirani mwema, ya tatu mgeni anashukuru kwa mapokezi. Kuanzia ya nne, pande mbili "zitajitahidi". Zitajitahidi kuondoa vikwazo vya biashara. Zitajitahidi kuharakisha miundombinu. Zitajitahidi kuwawezesha wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Kwa jitihada zote hizo, mama wa dagaa pale Manyovu, mpakani Kigoma, angekuwa anavuka na gunia lake huku akipigiwa saluti.

Watu wanawalaumu marais: eti walijifungia saa nzima, walizungumza nini? Jamani, rais haandiki tamko. Ndege inapotua, karatasi iko tayari. Wataalamu wa wizara walishakaa wakatoa rasimu, makatibu wakuu wakaipitia, mawaziri wakaibariki. Na nchi zenye Tume ya Pamoja ya Kudumu, yaani chombo cha nchi mbili cha kusimamia ushirikiano wao, huzipitisha ngazi hizo tatu ndani ya kikao kimoja cha tume. Sentensi ambayo upande mmoja haujairidhia hufungiwa kwenye mabano ya mraba, na kila ngazi inajaribu kuyafungua. Siku ya ziara ya kitaifa yenyewe ni mizinga 21, gwaride, faragha ya wakuu wawili, kikao cha wajumbe, saini, waandishi wa habari, dhifa. Nafasi ya kubishana juu ya tozo ya gunia haipo.

Na mabano yakifika usiku wa mwisho hayajafunguka? Hapo ndipo kitenzi chetu kinapoingia. Rasimu inasema "[zitaondoa tozo]". Upande mmoja unasema hauna idhini ya wizara yake ya fedha. Watu wamechoka, chai imepoa, mtu wa tatu kutoka mwisho wa meza anapendekeza: "zitajitahidi kuondoa". Mabano yanafunguka, wote wanapumua. Tozo imebaki palepale, ila sasa ina aya yake.

Ajabu ni kwamba watu haohao wakitaka umakini wanao. Kila nchi inapewa nakala halisi ambayo jina lake limetangulia. Bendera zinapangwa, kalamu zinajaribiwa, nakala za Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa zinalinganishwa mstari kwa mstari. Kwenye bendera hakuna anayejitahidi. Wanahakikisha.

Tuje Manyovu basi, maana huko ndiko tamko linakotakiwa kufika. Kwa kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa na bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zimezalishwa ndani ya Jumuiya, unavuka kwa cheti rahisi cha uasilia, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetoka wapi. Afisa forodha anakigonga muhuri hapohapo mpakani, wala mwenye mzigo hahitaji wakala wa forodha. Huo si mpango wa kesho, upo. Mama mwenye mawese, mwenye chumvi ya Uvinza, mwenye dagaa, bidhaa yake ikiwa kwenye orodha, kanuni inamtambua.

Inakwama wapi? Kwanza, cheti kinafuta ushuru wa forodha tu. Hakifuti kodi nyingine za ndani, wala hakimwondolei kibali cha idara ya uvuvi na cheti cha afya ya samaki. Hivyo mama anaambiwa "ushuru hakuna", halafu anafungua pochi madirisha mengine mawili. Pili, thamani inakadiriwa kwa bei ipi? Bei aliyonunulia mwaloni Kibirizi, Kigoma, alfajiri, au bei ya sokoni Bujumbura? Mzigo uleule unaweza kuwa chini ya kikomo kwa hesabu ya kwanza na kukivuka kwa hesabu ya pili. Tatu, muhuri wa Manyovu unahitaji mtu wa Mugina, kituo cha upande wa Burundi, anayeuheshimu. Asipouheshimu, cheti ni karatasi ya kufungia maandazi. Ndiyo maana mzigo unagawanywa kwa wabebaji watano, au unapanda bodaboda na kushika njia ya panya. Akikamatwa huko anaitwa mlanguzi. Kosa lake ni kutojua orodha ambayo hajawahi kuiona imebandikwa popote.

Sasa niambie ni neno gani hapo linahitaji marais wawili na mizinga. Linahitaji kiambatisho cha ukurasa mmoja chenye safu nne: jambo, mwenye dhamana kwa cheo chake, tarehe, na njia ya kukadiria thamani. Basi. Kiambatisho ndicho roho ya hati. Tamko ni nguo ya sherehe.

Mtaniambia naonea. Haya, nakubali, kwa shingo upande: mambo yenye tarehe huwa yanafanyika. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu, na ziwa upande wetu likafungwa kweli kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Liliuma. Mwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, aliyekopa kwa ajili ya taa na nyavu hakupata mapumziko ya deni. Lakini lilifungwa, kwa sababu karatasi ilikuwa na siku ya kuanza na siku ya kwisha. Reli ya Uvinza hadi Musongati, Burundi, kilomita 282, nayo ilitoka kwenye makubaliano ya Januari 2022 ikafika kwenye jiwe la msingi Agosti 2025. Kwa mwendo wetu huo ni mbio. Ila huko mkopeshaji yupo mezani, na mkopeshaji haelewi neno "kujitahidi". Anataka kilomita, gharama na mwezi. Mama wa dagaa hana benki ya kumsemea.

Hata wakoloni, ambao sina sababu ya kuwasifu, walijua kuandika. Machi 1921 Mwingereza na Mbelgiji walitiliana saini juu ya maeneo ya bandari hapa Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo). Kodi ya pango: faranga moja kwa mwaka. Ni wizi, lakini ni wizi wenye kiasi na anwani. Simsifu mwizi, nasifu karani wake.

Lipo pia tatizo la ni meza gani ya kukalia. Ziwa ni moja, nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Jumuiya ya Afrika Mashariki inazo tatu, Zambia haimo. SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, inazo tatu, Burundi haimo. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, inazo tatu, sisi tulijitoa mwaka 2000. Kongo peke yake imo kote. Kwa hiyo kila jambo la ziwa zima linalozungumzwa kwenye jumuiya mojawapo lina jirani mmoja aliyeachwa nje ya mlango, na hati ya nchi mbili mbili ndiyo inayobaki kuziba pengo. Sababu nyingine ya kutoiandika ovyo.

Halafu lugha! Kwenye kikao wajumbe wanavaa vipokea sauti masikioni, mkalimani anatoka jasho. Manyovu, Muha na Mrundi wanapatana bei ya debe la mawese bila mkalimani, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, mpaka wanafikia senti ya mwisho.

Ziara ijayo ikipangwa, kabla hata ya kuchagua zulia, nawaomba walio kwenye kikao cha wataalamu waingize kifungu hiki: orodha ya bidhaa na kanuni ya kukadiria thamani vibandikwe ukutani Manyovu na Mugina, kwa Kiswahili na Kirundi, ndani ya siku 30, na mwenye dhamana awe mkuu wa kituo wa kila upande. Ni karatasi chache na gundi. Yeyote atakayetaka kulifungia hilo kwenye mabano, aandikwe jina.