Hijama kwa mwanaspoti: nafuu ipo, kasi haimo vikombeni

Mpwa wangu ni winga wa timu ya mtaa hapa Majengo, Mombasa. Juzi alivua jezi baada ya mazoezi pale Tononoka, na mgongo wote umejaa mabaka ya duara ya hijama, ile tiba ya vikombe vinavyovuta ngozi, yamekolea rangi ya zambarau zilizoiva. Wenzake wakamzunguka wakitaka kujua kafanyia wapi na kwa bei gani. "Mjomba, mwili mwepesi," akaniambia, "Jumamosi hawanikamati."

Mabaka kama hayo dunia iliyaona mabegani mwa Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Rio, Agosti 2016, alipoogelea hadi dhahabu tano. Vijana wengi wakaunganisha mambo mawili: vikombe na ushindi. Lakini Phelps alifika Rio akiwa tayari na medali 18 za dhahabu za Olimpiki, na nyuma yake miaka na miaka ya kuamkia bwawani.

Sisi watu wa Pwani hatukufundishwa jambo hili na Rio. Wazee wetu waliumika kwa pembe ya ng'ombe, chuku, kabla ya vikombe hivi vya plastiki na pampu yake ya mkono. Na kwa Mwislamu kuna Hadithi iliyopokewa na Bukhari, inayotaja tiba tatu: asali, hijama na kuchoma kwa moto. Anayekwenda tarehe 17, 19 au 21 ya mwezi mwandamo anafuata sunna, na hilo mimi silipimi kwa saa ya mkimbiaji. Ninalopima ni dai la kwamba hijama inaongeza mbio. Hapo naona watu wanapiga chuku kwa ile maana nyingine ya neno.

Kikombe kikivuta, ngozi huinuka, damu hukusanyika, na vishipa vidogo hupasuka. Baka ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Si sumu iliyotolewa. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Nafuu ya maumivu, hasa ya shingo na mgongo, imeonekana katika tafiti kadhaa, ingawa nyingi ni ndogo na nafuu yenyewe ni ya muda mfupi. Ugumu ni kwamba anayewekewa kikombe anajua kawekewa. Watafiti wa Ujerumani walijaribu kulikwepa hilo kwa wagonjwa wa fibromialgia, maradhi ya maumivu ya mwili mzima: wengine walipewa vikombe vya kweli, wengine vilivyotobolewa visivute sawasawa. Matokeo, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha waliopewa vikombe vya kweli wakipata nafuu kuliko waliobaki na tiba yao ya kawaida, lakini baina ya vikombe vya kweli na vya bandia hapakuwa na tofauti ya maana.

Sisemi basi ni bure. Mchezaji aliyelala kifudifudi nusu saa, akapakwa mafuta ya habasoda, akahudumiwa na mtu anayemjali, huinuka ametulia, na utulivu ni kitu kabla ya mechi. Ila kasi na pumzi sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba vikombe vinaziongeza.

Linaloninyima usingizi ni wembe. Hijama kavu, ya kuvuta tu bila kuchanja, ikikosewa huacha malengelenge. Hijama ya damu, ambapo ngozi huchanjwa, ni jeraha, na chombo kilichotumika kwa mwingine kinaweza kuleta homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, hawa waanze kwa daktari. Kisukari nacho kisifichwe, maana kidonda huchelewa kupona.

Kisha kuna hili la maumivu kupungua wakati msuli bado umechanika. Mpwa wangu alikuwa akilalamika nyuma ya paja kwa wiki mbili. Baada ya vikombe akasema hasikii kitu, akaingia uwanjani Jumamosi, na dakika ya kumi hivi akakimbilia mpira wa pembeni, akashika paja na kukaa chini. Sasa yuko nyumbani, mguu juu ya mto. Anataka kurudi kwa vikombe Jumatatu. Nimemwambia kwanza twende tukapigwe picha ya msuli, na hata baadaye akienda, tutaandamana, nione wembe mpya ukifunguliwa mbele yetu.