Muhuri wa Mjomba

Mjomba wangu wa Kigoma ana pasipoti ambayo haijawahi kuona mpaka. Aliihangaikia zamani, akitaka kuvuka ziwa kwenda Kongo kibiashara. Biashara ikafa, pasipoti ikabaki kabatini, kurasa nyeupe pee. Basi alipokuja Dar kutibiwa macho na kumaliza mapema, akaniambia: "Mpwa wangu, nipeleke hata hapo Zanzibar nikagongewe muhuri."

Nikamwambia, mjomba, Zanzibar si nje ya nchi, tumeungana tangu 1964.

"Wana rais?" Wanaye.

"Bendera?" Wanayo.

"CAF, shirikisho la soka la Afrika, waliwapa uanachama Machi 2017, Julai mwaka huohuo wakawanyang'anya. Kama CAF wenyewe hawaelewi, mimi wa mwisho wa reli nielewe wapi?"

Asubuhi tukawa bandarini. Pale dirishani mgeni alikuwa analipa kwa dola, Mtanzania kwa shilingi. Mjomba aliposikia bei ya dola akachomoa kitambulisho cha taifa, ile kadi ya NIDA, upesi, akawa Mtanzania kuliko Mwenge wa Uhuru. Tiketi ilipotoka tu, kadi ikarudi mfukoni, pasipoti ikarudi mkononi.

Ilikuwa Julai na kusi limekaza. Nilimnunulia ndimu ya kulamba, nikamwonyesha vifuko vilipo, nikampa somo kuhusu bahari. Akanitazama kwa huruma. "Mimi nimekulia kwenye Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Meli yangu ilizamishwa 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini. Wewe mtoto wa daladala unifundishe mimi maji?"

Boti ilipotoka mlangoni mwa bandari, ikaanza kupanda na kushuka. Mpaka Dar inafutika nyuma yetu, ile ndimu nilikuwa nailamba mimi. Mjomba akaona huo ndio wakati wa kifungua kinywa. Akafungua mfuko wa khaki, wakatoka dagaa wa Kigoma, wamekaangwa kwa vitunguu na pilipili ya kutosha, wengine wakiwa bado na macho. Mmoja akanitazama. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Sitaeleza yote, kuna watu wanasoma huku wanakula. Itoshe kusema nilikiinamia kifuko kama vile nasoma barua, na mjomba akanipapasa mgongo kwa mkono uleule wa dagaa. Kila nilipomaliza, alikifunga fundo safi, akampa mhudumu, akaomba kingine. Lazima nikiri, anauguza vizuri.

Tukashuka Malindi. Mimi miguu ya kuazima, yeye kachana nywele. Moja kwa moja akaenda kujipanga na Wazungu, pasipoti wazi kwenye ukurasa aliouchagua tangu nyumbani.

"Mzee wangu," afisa akasema, "wewe Mtanzania. Pita tu, karibu sana."

"Siwezi kupita bure. Gonga."

"Hatugongi mzee wangu, hapa ni kwenu."

"Kama ni kwetu, mbona mmeniwekea dirisha?"

Afisa akakosa jibu, akanigeukia mimi. Kitambulisho? Nikapapasa mfuko wa shati, ule ambao nilikuwa nimeuinamisha njia nzima. Mtupu. Nikakumbuka kifuko cha pili, kile kilichoanguka na kishindo kidogo ambacho sikuwa na nguvu za kukiuliza.

"Kipo... kilitoka nilipokuwa natapika."

"Umetapika kitambulisho?"

Foleni nzima ikageuka. Hapo mjomba, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anang'ang'ania ugeni, akaweka kiwiko dirishani: "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Namdhamini mimi." Nikaonyesha tiketi na picha ya kadi kwenye simu. Afisa akatutazama, akaziangalia zile dagaa zilizobaki, akatupungia mkono tupite. Yaani mimi mtu wa Dar, niliingia Unguja kwa udhamini wa mtu wa Kigoma.

Mji Mkongwe tuliuona juujuu. Mjomba hakutaka milango wala Forodhani, alitaka muhuri. Aliupata Darajani, kwenye duka la viungo. Alinunua karafuu na iliki, akaona mwenye duka anagonga risiti kwa wino wa bluu, akafungua pasipoti, akaisukuma mezani. Mwenye duka, mtu mwenye roho nzuri au mwenye utani mbaya, akagonga katikati kabisa. Nilikuwa nje nakunywa maji ya dafu kwa tahadhari. Nilipoingia, wino ulikuwa unapulizwa.

Jioni akaupiga picha ule ukurasa, akamtumia mkewe Kigoma, kisha akampigia na kuweka sauti nje ili nisikie anavyosifiwa.

Mkewe akanyamaza kidogo, anasoma.

"Mume wangu, hapa wameandika 'Mali ikishauzwa hairudishwi'. Sasa nije nikufuate, au ndiyo basi tena?"