Kuhusu Lile Suala la Poti 8050, Kabla Redio Mbao Haijaongeza Chumvi

Najua mshasikia. Yule rafiki yangu wa kiti cha nyuma ameshairusha kwenye magrupu matatu kabla hata sijafika getini, na kwenye toleo lake mimi nimelia. Sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya mwanga wa projekta. Tuendelee.

Kazi yenyewe mnaijua. Kila mtu atengeneze dashibodi, ukurasa wa grafu na vichujio, kwa Dash, maktaba ya Python ya kazi hiyo, aifunge kama kifurushi cha Python kinachosakinishika kwa amri ya pip, halafu apewe cha mwenzake akikague. Data ni ileile kwa darasa zima: wale pengwini 344 wa visiwa vya Palmer, Antaktika, waliopimwa midomo na mabawa kati ya 2007 na 2009. Joto la Dar, feni moja imekufa, na sisi tunabishana kuhusu urefu wa mdomo wa ndege asiyejua jasho ni nini.

Ukaguzi Dokta, mwalimu wetu, aliuiga kutoka Journal of Open Source Software, lile jarida lililoanza 2016, ambako ukaguzi unafanyika kwenye isyu, yaani uzi wa majadiliano, hadharani GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi msimbo, na mhakiki anatia tiki kwenye orodha. Kinasakinishika? README, yale maelezo ya matumizi, inajitosheleza? Majaribio yanapita? Leseni ipo? Hadharani, jamani. Shikilieni hilo neno.

Nilianza vizuri, na hili liingie kwenye kumbukumbu. Niliklona, yaani nilinakili kwangu, kifurushi cha dada niliyepangiwa kumkagua, nikatengeneza mazingira mapya kwa `python -m venv .venv` ili maktaba zangu za zamani zisimbebe wala kumwangusha, nikaamsha, nikapiga `pip install .`, nikaendesha majaribio yake kwa pytest. Yote kijani. Nikaandika amri ya kuwasha dashibodi. Maandishi yakashuka, mistari miwili ya mwisho ikasema kitu, terminali ikarudi kusubiri amri.

Sikuisoma. Mkono ulishafika kwenye brauza, 127.0.0.1:8050, yaani kompyuta yako mwenyewe, mlango (poti) namba 8050 ambao Dash hutumia usipoiambia vingine, kama unavyoijua swichi ya chumbani gizani.

Ikafunguka dashibodi YANGU.

(Wajuzi mmeshaanza kucheka. Tulieni.)

Rangi zangu. Menyu yangu. Kichwa kimeandikwa "Pengiwini wa Palmer", na hiyo i ya katikati ni kosa langu mimi, nililolizaa Jumatatu na kulisahihisha Jumanne kwenye kompyuta ya maabara. Chini yake idadi ya ndege: 333. Nalo langu! Jumatatu niliweka `dropna()` bila kufikiri, ikafyeka kila mstari wenye pengo, na kwenye data hii kuna ndege 11 ambao jinsia haikurekodiwa. Jumanne Dokta alinisema mbele za watu, nikairudisha 344. Kwa hiyo mwizi alichukua toleo la Jumatatu. Na Jumatatu jioni nilimwazima nani flashi? Dada yuleyule. Kesi imeisha, hakimu aende nyumbani.

Nikasema nitende haki, nitafute "Pengiwini" ndani ya msimbo wake. Halipo. Hata faili moja. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi niliandika kwenye isyu, saa nane usiku: "Mwandishi amekopi kazi yangu yote, pamoja na makosa ya tahajia, kisha akaficha ushahidi kwenye msimbo. Aidha, amefuta ndege 11 bila kumwarifu mtumiaji, jambo lisilokubalika kitaaluma." Nikaambatanisha picha nne za skrini. Nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi Dokta hakusema mengi. "Njoo na kompyuta yako, utuonyeshe."

Nikachomeka projekta. Nikafungua ukurasa. "Pengiwini" ikatanda ukutani, kila herufi sawa na kichwa cha mtoto. Minong'ono. Nikawa natembea mbele ya darasa kama wakili wa serikali, nimepanga mikono nyuma. Nikaonyesha 333. Nikatulia kidogo ili iwaingie.

Dada hakukasirika, na hapo ndipo ningetakiwa kuogopa. Aliinamisha kichwa tu.

"Kaka, samahani. Rudi kwenye terminali. Soma ile mistari ya mwisho, kwa sauti."

Nikasoma. Ilikuwa Kiingereza chepesi kabisa: anwani tayari inatumika, poti 8050 imeshikwa na programu nyingine. Kufika "programu nyingine" sauti yangu ilikuwa imebaki ya mbu.

"Una terminali ngapi hapo chini?"

Mbili.

"Ile nyingine inaendesha nini?"

Nikaibonyeza. Likatokea jina la folda langu. Mradi wangu. Imewaka tangu Jumatatu, kwa sababu mimi kompyuta siizimi, nafunga kifuniko tu kama sufuria ya ubwabwa.

"Bonyeza Ctrl na C."

Jamani, kile kidole kilikuwa kizito. Nikabonyeza. Nikarudi kwenye brauza, nikarifreshi. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. "Pengiwini" ikatoweka ukutani, mahali pake yakaja maandishi ya kijivu kwamba ukurasa haupatikani.

Kimya. Kutoka kiti cha nyuma, sauti mnayoijua: "Mwizi kakimbia!"

Sitaeleza kicheko. Dokta alitoa miwani, akaifuta, akairudisha, akaitoa tena.

Kwa mnaojiuliza: Dash isipowashwa na `debug=True` inasoma msimbo mara moja tu, inapoanza. Rekebisha faili hadi ucheke, ile iliyowaka itaendelea kuonyesha ya zamani. Na cha dada kilipokuta 8050 ina mwenyewe, kilikufa palepale; mimi nikaenda kumpigia hodi mwenye nyumba wa zamani. Windows, andika `netstat -ano | findstr :8050`, namba ya mwisho ndiyo ya programu iliyoshika, iue kwa taskkill. Linux na Mac ni `lsof -i :8050`. Ukiona tabu, washa yako kwa `port=8051`. Yote haya niliyajua. Nilishawahi kumfundisha mtu. Huyo mtu ni yule wa kiti cha nyuma.

Tukawasha cha dada. Kichujio cha visiwa, Biscoe, Dream na Torgersen, kila kimoja na rangi yake. Idadi: 344. Na chini, kwa herufi ndogo za adabu: "Ndege 11 hawana rekodi ya jinsia, wamebaki kwenye hesabu."

Mengine haraka: nikaomba radhi, nikanunua chipsi mayai mbili, nikaandika ukaguzi upya, tiki zote. Ila Dokta alikataa isyu ile ya kwanza isifutwe. Akatumia kile kitufe cha GitHub cha kuhamisha isyu, akaipeleka kwenye mradi wa mhusika. Kwa hiyo sasa kwangu kuna malalamiko marefu, yameandikwa na mimi, yananituhumu mimi, na picha nne za ushahidi. Dada ameweka maoni chini: "Nimejaribu kwangu, sioni tatizo."

Wiki ijayo yeye ndiye anakagua changu. Ametoa sharti moja tu: anione kwa macho yake nikizima kompyuta.